Miwani ya kuzamia, bomba na mapezi: majibu kwa wanaoshuka Matema

Mvua zikishapungua, watu wa Mbeya, Tukuyu, Iringa na Njombe huanza kuniuliza jambo lilelile: wanataka kushuka Matema wakaone samaki wa Ziwa Nyasa kwa macho yao, ila hawajui waanze kununua nini. Nimechagua maswali machache yanayorudi mara nyingi.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa Uyole, nimejiwekea pesa kidogo kidogo kwa ajili ya miwani, bomba la kupumulia na mapezi. Haitoshi kununua vyote vizuri. Kipi kije kwanza?

Marahaba, mwanangu. Miwani kwanza, tena miwani nzuri. Bomba la bei nafuu litakutosha, mapezi unaweza kuazima. Miwani usiazime, kwa sababu nyuso hazifanani: inayomkaa kaka yako bila tatizo inaweza kukujazia maji wewe kabla hujafika kwenye mawe.

Nenda dukani mwenyewe, na ujaribu hivi. Mkanda ugeuze mbele ya kioo cha miwani, usiuvae. Tazama juu, iweke miwani usoni bila kuigandamiza, upapase pembeni yote kuona kama mpira umelala kwenye ngozi: chini ya pua, pembeni mwa macho, kwenye paji la uso. Sasa tazama mbele, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikibaki usoni bila wewe kuendelea kuvuta, hiyo ni yako. Ikiteleza, au ukisikia hewa ikipita, irudishe hata kama muuzaji anakuapia. Kabla hujalipa, weka mdomo wa bomba kati ya meno na urudie, maana mdomo ukishika kitu mashavu hubadilika. Nywele za mbele ziondoe njiani. Mwenye masharubu, maji yatapenya juu ya mdomo; ayapunguze hapo chini ya pua.

Hakikisha pia ule mpira ni silikoni, laini kama sikio la mtoto. Wa plastiki ngumu hukauka na kujikunja. Kioo kiwe kile kigumu kilichoandikwa TEMPERED pembeni, na pua iwe ndani ya miwani, mahali unapoweza kuibana kwa vidole. Miwani midogo ya kuogelea, ile inayoacha pua nje, ni ya kuogelea juu tu. Ukizama nayo, maji huikandamiza kwenye macho na huna njia ya kuingiza hewa ndani yake.

Miwani yangu ya kwanza niliinunua Dar bila kuijaribu. Ilivuja kona ya pua, nami nikawa naukaza mkanda, naukaza tena, hadi paji la uso likabaki na alama jioni nzima. Kadiri nilivyokaza ndivyo ilivyozidi kuvuja. Mkanda kazi yake ni kuishikilia miwani isianguke. Anayezuia maji ni mpira uliolingana na uso wako, na mkanda ukikazwa sana unaukunja mpira huo.

Miwani yangu ni mpya kabisa, lakini nikiingia majini inaweka ukungu sioni kitu. Nimeuziwa mbovu?

Hapana. Kioo kipya huwa na utando mwembamba kutoka kiwandani, na mvuke wa uso wako hunata hapo. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, paka upande wa ndani, sugua kwa kidole taratibu mpaka kwenye kona, suuza. Rudia mara tatu au nne. Kama karatasi ya maelezo inasema kioo kimepakwa kitu maalumu, au kioo chenyewe ni cha plastiki, usisugue. Baada ya hapo, kila ukitaka kuingia, tema mate ndani, sambaza kwa kidole, suuza haraka, vaa. Usiiweke kwanza kwenye paji la uso lenye jasho.

Mimi na rafiki yangu tuna wazo: tukate mpira wa kumwagilia bustani, mita mbili, tukae chini kabisa tukipumua. Itawezekana?

Wanangu, msijaribu. Kwenye kina cha mita 1 tu, kila sentimita 10 za mraba za kifua chako zimebeba kilo 1 ya maji, na mapafu yako hayana nguvu ya kuvuta hewa ya juu dhidi ya uzito huo. Mapafu yanaweza kuumia. Tena hewa uliyoitoa haifiki nje: inabaki ndani ya mpira na unaivuta tena. Ndiyo maana bomba la dukani ni fupi, kama sentimita 40. Chukua la kawaida, lenye umbo la herufi J, mdomo wake wa silikoni usiochubua fizi. Vali ya chini ya kutolea maji inasaidia, si lazima.

Na mkizama kwa pumzi zenu wenyewe, msihemeheme haraka haraka kwanza ili mkae zaidi. Mtu hupoteza fahamu hivyo bila dalili yoyote. Mmoja azame, mwingine amtazame.

Mapezi marefu au mafupi? Nimeyaona ya mitumba Mwanjelwa, nichukue?

Kwa anayeanza, mafupi kiasi na laini, ya kuvaa mguu mzima kama kiatu. Yale marefu magumu yatakubana misuli ya kigimbi kabla hujafurahia chochote. Vaa dukani, simama, jaribu kuchezesha vidole: viguse mbele bila kukunjwa, kisigino kisichomoke. Mguu huteleza zaidi ukilowa, kwa hiyo linalopwaya dukani litabaki ziwani. Ukipiga, nguvu itoke kwenye nyonga, goti lilegee kidogo, usiendeshe baiskeli.

Mitumba chukua bila woga, ila likunje pezi kwa mikono na utazame pale linapoungana na kiatu. Ukiona nyufa nyembamba, liache.

Mimi ni mwalimu, Iringa, navaa miwani ya macho. Nitaona kweli?

Utaona, mwalimu. Majini vitu huonekana karibu zaidi na vikubwa kwa kama theluthi moja, hivyo mwenye tatizo dogo la kuona mbali huweza kutumia miwani ya kawaida. Likiwa kubwa, tafuta miwani yenye vioo viwili vinavyotoka. Vipo vioo vyenye namba, kwa hatua za nusu nusu, kila jicho na namba yake. Nenda na cheti chako cha vipimo. Usivae miwani ya macho ndani ya ile ya kuzamia: mikono yake inatoboa njia ya maji.

Inafaa uigharamie. Ukitoka ufukweni Matema kuelekea Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, na kwenye mawe hayo kuna mbuna, samaki wadogo wa buluu na wa njano, wakikwangua ukoga wa kijani kwa midomo. Ukitulia juu yao bila kupiga mapezi, wanarudi kula mbele ya kioo chako. Ila kina hushuka ghafla upande huo, usiende peke yako.

Nataka kuwapeleka watoto wangu wawili. Nimesikia habari za kichocho na mamba. Ni kweli?

Ni kweli, mama. Mamba hupenda midomo ya mito, kama Mbaka na Lufilyo. Waulize wavuvi wa hapo hapo asubuhi hiyo, na wakisema hapana, iwe hapana. Upepo wa kusini ukiamka, mawimbi yakawa meupe, watoto watoke.

Kichocho hakionekani kwa macho, na maji maangavu yasikudanganye; hata pwani ya mchanga inaweza kuwa nacho. Epukeni matete na maji yaliyotuama, ingawa hilo hupunguza hatari tu. Dawa ipo, praziquantel, na hufanya kazi vizuri. Usiwapime kesho yake, kipimo hakitaona kitu. Subiri kama miezi miwili, wapeleke kituo cha afya na umwambie daktari wazi kwamba waliogelea Ziwa Nyasa. Mtoto akipata homa, vipele au mkojo wenye damu kabla ya hapo, nenda siku hiyo hiyo.

Miwani ya watoto nunua ya saizi yao, na uwajaribishe nyumbani kwenye beseni.