Kabla hujahama tena

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema umepata kazi nyingine ya afisa mikopo huko Ntinda, Kampala, ya nne ndani ya miaka minne, na nyongeza ni shilingi 200,000. Kisha unaniuliza: "Baba, kuna ubaya gani nikihama tena, maadamu mshahara unapanda?" Sikutaka kukujibu kwa simu, kelele za gereji zikitukatiza.

Tuanze na hizo laki mbili, maana ndizo zinazokuita. Mshahara wako umeshapita 410,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila shilingi inayoongezeka inakatwa kodi asilimia 30. Hapo 60,000 zimekwenda. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5, yaani 10,000. Zimebaki 130,000. Sasa hivi unakwenda kazini kwa miguu. Ntinda utapanda taksi mbili asubuhi na mbili jioni. Toa nauli ya mwezi mzima, uone kinachobaki mkononi.

Utasema akiba yako ya NSSF haipotei, namba ni ile ile popote uendako. Ni kweli, hapo huna hasara. Lakini Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamruhusu mwajiri kukuweka kwenye majaribio hadi miezi 6, na katika muda huo anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14 tu. Aliyetimiza miaka 10 mahali pamoja hupewa notisi ya miezi 3. Wewe kila ukihama unarudi kwenye siku 14. Umesahau mwaka jana benki ilivyokunyima mkopo wa kile kiwanja cha Mukono kwa sababu ulikuwa bado kwenye majaribio? Nilikusikia ulivyolia. Na kazi yako ni hiyo hiyo: mteja mwenye historia kama yako akiketi mbele yako, utamwandikia nini?

Hayo ni ya hesabu, na hesabu unaijua kunishinda. Linaloniuma hasa ni jingine, sijapata kukusimulia.

Nilipokuwa kijana nilihama gereji tatu, Tororo na Malaba, ndani ya miaka minne. Kila moja iliniongezea kidogo. Nilijiona fundi kweli kweli, maana kila lori nililolifungua liliondoka likinguruma na dereva akinishukuru. Nikafika gereji ya nne, nikafunga hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ya lori la mizigo lililokuwa likienda Kampala. Wiki tatu baadaye likarudi limekokotwa. Fundi mkuu, mzee mpole, hakunigombeza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akakisogeza karibu na macho yangu. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Akaniuliza, "Boliti ulianza kukaza wapi?" Nikamwonyesha: pembeni kabisa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mstari. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua spana akanionyesha: unaanzia katikati, unatoka kwenda nje huku na huku, kidogo kidogo, mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka hedi ilale sawasawa juu ya gasketi.

Usiku ule sikupata usingizi. Miaka yote minne nilikuwa nakaza boliti vile vile. Malori mangapi yalirudi kwenye zile gereji nilizoziacha, yakafunguliwa na vijana wengine, mimi niko mbele nafurahia nyongeza? Madereva wangapi walilala njiani na mizigo yao? Mpaka leo swali hilo linanirudia.

Pale nikakaa miaka 19. Nikanunua daftari, nikawa naandika namba ya lori, nilichokifanya na tarehe. Likirudi, nafungua ukurasa wake. Ufundi wangu wote nimeupata kwenye yale yaliyorudi.

Sasa angalia kazi yako. Mkopo siku unapoutoa huwa mzuri: fomu zimejazwa, mdhamini ametia sahihi, mteja anatabasamu. Ubaya wake hujitokeza mwezi wa nane au wa tisa, mteja anapoacha kupokea simu. Kwa jinsi unavyohama, mikopo yako mingi inaanza kulegea ukiwa umeshaondoka. Mtu mwingine ndiye anayepanda boda kwenda Wobulenzi kumuuliza yule mama kwa nini halipi, na yeye ndiye anayejifunza pale ulipokosea wewe.

Sisemi ufungwe minyororo. Mshahara ukikaa miezi miwili haujalipwa, au mkubwa wako akianza kukutaka, toka siku hiyo hiyo uje nyumbani. Chumba chako kipo. Na kama kazi mpya ingekufundisha jambo usilolijua, ningekuombea dua uende. Ila hii, kwa ulivyonieleza, ni kiti kile kile katika jengo jingine.

Kabla hujawajibu wa Ntinda, toa orodha ya mikopo yote uliyoitoa tangu uingie hapo ulipo. Hesabu ni mingapi imelipwa mpaka shilingi ya mwisho. Uje na namba hiyo siku ya Idi, nami nitalitoa daftari langu tukae barazani.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama utapanda basi la asubuhi, akuwekee chakula.

Baba yako,
Tororo