Kwa nini oksijeni inaporomoka kabla mrija haujaingia

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mgonjwa wako wa nimonia alikuwa na oksijeni ya asilimia 96, mkampa dawa ya kulegeza misuli, inayosimamisha pumzi pia, na kabla mrija wa kupumulia haujapita kooni akawa 70. Ile 96 ilikuwa ya damu. Mapafu hayakuwa na akiba ya oksijeni. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa oksijeni vizuri hukaa kama dakika 8 bila kupumua kabla ya kufika 90. Wako, hata dakika moja ni bahati.

Kabla ya dawa hiyo, mwinue kichwa nyuzi 20 hadi 30, barakoa ya oksijeni ibane uso dakika 3 kamili. Ukisikia upepo unavuja shavuni, anavuta hewa ya chumbani hiyo. Mkiwa na mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, anzeni nayo: katika utafiti wa PREOXI, Marekani, 2024, walioshuka chini ya 85 walikuwa asilimia 9.1, dhidi ya 18.5 kwa barakoa ya kawaida.

Akigusa 93, toa laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo), msukumie hewa kwa ambu (mfuko wa kubonyeza kwa mkono), kisha ujaribu tena. Oksimeta ya kidoleni, kipimo cha oksijeni ya damu, huchelewa. Ikisoma 85, huenda ameshapita hapo.