Aliyepagawa ni Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Filamu ya Vertigo

Barua tulizozichagua safari hii zote zinaihusu filamu moja, Vertigo, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1958. Jina lake maana yake ni kizunguzungu. Haiwezekani kuzijibu barua hizi bila kuitoboa siri ya kisa, kwa hiyo msomaji ambaye bado hajaitazama na anapenda kuikuta siri hiyo mwenyewe aitazame kwanza, kisha arudi kwetu.

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tuliitazama Vertigo na tumebishana tangu usiku huo. Filamu ikiwa imepita theluthi mbili, mwanamke anakaa mezani kuandika barua, na humo tunaelezwa siri yote, kisha anaichana. Mume wangu anasema mwongozaji ameliharibu fumbo lake kwa kulifumbua mapema. Mimi nilianza kuvutwa hasa baada ya hapo, lakini nimeshindwa kumweleza kwa nini. Nani kati yetu ameona vizuri? — Msomaji, Tanga

JIBU: Bibie, umeona vizuri wewe, ingawa mumeo ana wenzake wengi. Hitchcock mwenyewe alimweleza mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut kwamba watu waliomzunguka waliyapinga mabadiliko hayo, wakitaka siri ibakizwe hadi mwisho. Nasema mabadiliko kwa sababu riwaya iliyozaa filamu hii, iliyoandikwa na Wafaransa wawili, Pierre Boileau na Thomas Narcejac, na kutolewa mwaka 1954, inaificha siri hadi kurasa za mwisho.

Tukikumbushe kisa. Scottie Ferguson, mpelelezi wa San Francisco, ameacha kazi ya polisi baada ya kuning'inia ukingoni mwa paa na kumshuhudia askari aliyemnyooshea mkono akianguka na kufa. Tangu hapo hawezi kusimama mahali pa juu bila kichwa kumzunguka. Gavin Elster, aliyesoma naye zamani, anamwomba amfuate mkewe, Madeleine, ambaye Elster anadai amepagawa na roho ya Carlotta Valdes, mama mzaa bibi yake aliyejiua akiwa na umri wa miaka 26. Scottie anamfuata hadi makaburini, hadi jumba la makumbusho ambako mwanamke huyo hukaa kimya mbele ya picha ya Carlotta, akiwa na shada la maua kama la pichani na nywele zilizosokotwa kwa mtindo uleule. Anamwokoa anapojitupa majini karibu na daraja la Golden Gate, anampenda, kisha anamkosa: Madeleine anapanda mnara wa kengele wa kanisa la San Juan Bautista, Scottie anashindwa kumfuata hadi juu, na anauona mwili ukianguka. Anaugua kwa huzuni hadi kulazwa. Akisha kupona, au akisha kuonekana kama amepona, anakutana barabarani na Judy Barton, msichana wa dukani kutoka Kansas mwenye uso wa marehemu.

Ndipo inapokuja barua. Judy ndiye yule aliyekuwa akijiita Madeleine. Elster alimlipa aigize ili Scottie awe shahidi wa kifo kilichopangwa. Aliyetupwa kutoka mnarani ni mke halisi, ambaye Scottie hakuwahi kumjua.

Sasa tazama kinachotokea machoni mwetu, watazamaji. Hadi hapo tumekuwa tukitazama kwa macho ya Scottie tu: akifuata nasi tunafuata, akipenda nasi tunapenda. Barua inapochanwa, macho yetu yanahamia kwa Judy. Scottie anapompeleka dukani na kukataa nguo moja baada ya nyingine mpaka ipatikane ile suti ya kijivu, sisi tunajua kwamba suti hiyo aliwahi kuivaa, na kwamba kila anachokubali kukivaa kinampeleka karibu zaidi na kugunduliwa. Anakubali hata hivyo, kwa sababu anampenda mwanamume huyu na anataraji kwamba siku moja atapendwa yeye kama yeye. Wahakiki wetu wana neno zuri, taharuki, na hiyo ndiyo taharuki yenyewe. Kama siri ingefichwa, tungepata mshtuko wa dakika moja mwishoni, na katika muda wote uliotangulia tungemwona Judy kama Scottie anavyomwona: kinyago kinachosubiri kupakwa rangi. Mwambie mumeo kwamba fumbo halikuharibiwa. Tulikuwa tukijiuliza kama mwanamke huyu ni nani, na baada ya barua tunaanza kujiuliza atafanywa nini.

SWALI: Ndugu Mhariri, rafiki zangu wananiambia kwamba Scottie ni mgonjwa wa akili. Mimi naona ni mwanamume anayekataa kusahau, na siku hizi watu wa namna hiyo hawapatikani. Je, mapenzi ya kweli si hayo ya kumtafuta mpenzi hata baada ya mauti? — Kijana, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni la moyo na sitalijibu kwa kukubeza. Huzuni ya Scottie ni ya kweli. Anapozunguka katika maeneo yote aliyowahi kumwona Madeleine, akishtuka kila apitapo mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu kama zake, hakuna aliyefiwa asiyemwelewa. Kuomboleza namna hiyo silaumu.

Ninacholaumu kinaanzia chumbani mwa Judy, na lugha yetu inanisaidia kukieleza. Kwetu, kupagawa kuna maana mbili zinazokaa nyumba moja: mtu hupagawa na pepo, na mtu hupagawa na mapenzi. Watu wa pwani wanajua pia kwamba anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo akishapanda, hutaja anachokitaka: nguo ya rangi fulani, marashi, pete, ngoma; na kiti hakiulizwi kama kinapenda. Filamu inaanza kwa kudai kwamba Madeleine ni kiti cha Carlotta. Dai hilo ni la uongo, limetungwa na muuaji. Lakini baadaye tunaona upagawi wa kweli, na anayetaja matakwa ni Scottie. Anataka suti ya kijivu, anataka viatu vile, anataka nywele zipakwe rangi, na zikishapakwa anataka zifungwe nyuma. Judy anamuuliza kama atampenda endapo atamruhusu kumbadilisha. Naye, badala ya kumtazama usoni, anatazama nywele. Kiti ni Judy, na aliyempanda kichwani ni mwanamke ambaye hajawahi kuwepo, kwa kuwa Madeleine yule aliyependwa alikuwa mchezo tu.

Ukiitazama tena, simama pale Judy anapotoka bafuni akiwa tayari amefungwa nywele. Taa ya kijani ya bango la hoteli inaingia dirishani, na yeye anatokea ndani ya mwanga huo kama kivuli kinachopata mwili. Wanakumbatiana, kamera inawazunguka, na kwa kitambo kidogo kuta za chumba zinageuka kuwa banda la farasi la San Juan Bautista, alikombusu Madeleine mara ya mwisho. Muziki wa Bernard Herrmann hapo unapanda mpaka mtu anasahau kupumua. Nakiri kwamba kila niionapo sehemu hiyo nafurahi pamoja na Scottie, na ni furaha inayonitia hofu, maana mwanamke aliyemkumbatia hayupo mawazoni mwake hata kidogo. Unaniuliza kuhusu kumtafuta mpenzi aliyepotea. Mpenzi aliyempotea yumo mikononi mwake, anapumua, anamwita kwa jina, naye hamwoni.

Niongeze neno kuhusu mtu ambaye hakuna msomaji aliyeniandikia habari zake. Midge, mchoraji, rafiki wa Scottie wa siku nyingi, anampenda waziwazi. Anajaribu kumchekesha kwa kuchora picha kama ile ya Carlotta, akaweka uso wake mwenyewe, wenye miwani. Scottie anaondoka bila kucheka, naye anabaki akizishika nywele zake na kujiita mjinga. Mara ya mwisho tunamwona akitembea peke yake katika ukumbi mrefu wa hospitali, baada ya kumweleza daktari kwamba Scottie bado anampenda marehemu. Hasemwi tena mpaka filamu inakwisha. Ndugu yangu wa Mombasa, ukitaka kumtafuta mtu katika kisa hiki aliyependa bila kumgeuza mwenzake, mtazame huyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi na ninajifunza kupiga picha za video. Pale Scottie anapotazama chini ndani ya mnara, ngazi zinaonekana kama zinarefuka na kusogea kwa pamoja. Je, ilifanywaje wakati hakukuwa na kompyuta? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ilifanywa kwa kamera na lenzi kufanya kazi kinyume. Kamera inasogezwa nyuma juu ya reli, na wakati huohuo lenzi inavuta picha mbele, au kinyume chake. Vitu vya karibu vinabaki na ukubwa uleule, lakini umbali ulio nyuma yake unaonekana kutanuka au kubanwa, ndiyo maana tumbo linakusokota. Mpigapicha aliyefanikisha hila hiyo ni Irmin Roberts, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Ngazi unazoziona ni mfano mdogo uliolazwa ubavu, ili kamera isogee kwa usawa wa ardhi badala ya kupandishwa juu. Kwa maelezo ya Hitchcock, picha hizo za sekunde chache ziligharimu dola 19,000.

Na mnara wenyewe haukuwepo. Kanisa la misheni ya San Juan Bautista, iliyoanzishwa mwaka 1797, ni la kweli na linatembelewa hadi leo, lakini wakati wa kupiga filamu halikuwa na mnara wa namna ile. Ulitengenezwa studioni na kuunganishwa na picha ya kanisa. Yaani hata mahali ambapo Scottie anampoteza mpenzi wake mara mbili, kwanza kama Madeleine na mwishoni kama Judy, palitengenezwa kama alivyotengenezwa Madeleine.

SWALI: Sisi tuliokulia Unguja tulilelewa na filamu za Kihindi kwenye majumba ya sinema. Je, hakuna filamu ya Kihindi yenye kisa kama hiki? — Bibi msomaji, Unguja

JIBU: Shikamoo Bibi. Ziko, na mojawapo iliitangulia Vertigo kwa miaka 9. Huenda uliiona: Mahal ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Kamal Amrohi. Mwigizaji Ashok Kumar anahamia katika jumba la kale, anakuta picha ya mwanamume aliyelijenga, na mwanamume huyo anafanana naye kabisa. Anaambiwa kwamba marehemu huyo alizama majini na kumwacha mpenzi wake, Kamini, akimngoja. Usiku anaanza kusikia sauti ya mwanamke akiimba na kumwona akipita vivulini. Anapagawa naye kiasi kwamba hata anapooa mke mwingine anashindwa kumtazama. Mke huyo anakunywa sumu, na ni mahakamani tunapojua kwamba mzuka alikuwa binti wa mtunza bustani, aliyeigizwa na Madhubala, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 17.

Katika mwaka uleule wa Vertigo, Bimal Roy, ambaye ndiye aliyeihariri Mahal, alitoa Madhumati. Humo mwigizaji Dilip Kumar anakutana na mwanamke mwenye uso wa mpenzi wake aliyekufa, na anamwomba amsaidie kwa kujifanya marehemu ili muuaji anaswe. Tofauti yake na Vertigo ni kubwa: huyu anaombwa waziwazi, anajua anachokifanya na kwa nini, na hakuna anayemtaka abaki kuwa mtu mwingine baada ya hapo. Ukizitazama mbili hizo kwa mfululizo, Bibi, utaona kwa nini namwonea huruma Judy zaidi ya wote.

Kuhusu sauti ile ya jumbani, wimbo Aayega Aanewala uliimbwa na Lata Mangeshkar akiwa bado kijana, kwa muziki wa Khemchand Prakash. Santuri za kwanza hazikuandikwa jina lake. Ziliandikwa Kamini, jina la mzuka, na ilibidi wasikilizaji waulizie redioni kwanza ndipo ikajulikana mwimbaji ni nani.