Mchungaji, kabla ya kumwombea muulize kama amekula

Nilipougua sonona, wa kwanza kujua hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa kanisa, aliyeona nimekosa mazoezi ya kwaya wiki tatu mfululizo. Ndivyo ilivyo kwetu: ukitaja tu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wanakuangalia vibaya, lakini kwa mchungaji au kwa shehe unapiga hodi mchana kweupe na hakuna anayeuliza umefuata nini.

Kanisani nikaambiwa nifunge siku tatu. Mwezi mzima chakula kilikuwa hakipiti. Kufunga nilishafunga bila kutangaziwa. Siku ya tatu wakakemea roho ya huzuni, nami nikaanguka. Ilikuwa njaa. Watu wakapiga vigelegele.

Aliyenisaidia ni mchungaji mstaafu, jirani yetu. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akakaa kwenye kigoda mlangoni, Biblia hakuifungua. Nilipomaliza kikombe akauliza waziwazi: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Nikalia, nikasema ndiyo. Hakunitajia jehanamu. Kesho yake tulikuwa wote kwenye benchi la hospitali ya mkoa, yeye kashika daftari langu.

Baadaye nilimuuliza kajifunzia wapi. Akanionyesha 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii; anamgusa, "Inuka, ule." Anakula, analala tena, anaamshwa tena ale. Maswali ya Mungu yanakuja baadaye, huko Horebu.

Kwa hiyo wachungaji, mapadri, mashehe (na Mtume alifundisha kwamba Mungu hakushusha ugonjwa ila kashusha na dawa yake), msimwambie mtu aache vidonge kwa kuwa ameombewa. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, ndipo uanze kuona nafuu, na wengi huchoka hapohapo katikati. Hapo ndipo maombi yenu yanahitajika kuliko siku ya mkesha. Anayetaja kujiua asilale peke yake, mpelekeni hospitali. Mkumbuke pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana wengi wananyamaza mpaka muwaulize nyie.

Halafu kuna siri. Habari zangu niliambiwa ziliombewa ibada ya Jumatano, kwa jina langu na la baba. Kwaya ile sikurudi tena.