Lisome jengo kabla hujalichorea

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii ya kufufua viwanda na maghala ya zamani mnakuja na picha tayari kichwani: matofali mekundu, madirisha makubwa, maduka chini, ofisi au nyumba za kupanga juu. Iwekeni pembeni kwa muda. Katika mji wa ukubwa wa kati, kuamua matumizi kwanza na kulichunguza jengo baadaye ndiko kunakoua miradi mingi. Kwenye jiji kubwa, gharama zikipanda, kodi nayo hupandishwa na mpangaji akapatikana. Mji wa kati hauna nafasi hiyo. Mara nyingi jengo likishakamilika, thamani yake sokoni huwa ndogo kuliko pesa zilizotumika kulikarabati, na kuliziba pengo hilo ndiyo kazi yenyewe.

Anza ardhini. Uliza kila chumba kilikuwa kikifanya nini, na usiridhike ukiambiwa tu kwamba palikuwa kiwanda. Walisafishia wapi vyuma? Matangi ya mafuta yalifukiwa upande gani? Dawa za kuondolea grisi na za kufulia nguo bila maji, kama trikloroethilini, ni nzito kuliko maji. Huzama chini ya maji ya ardhini, na mvuke wake unaweza kupenya kwenye nyufa za sakafu miaka mingi baada ya kiwanda kufungwa. Mtafute fundi mitambo au mlinzi aliyefanya kazi pale. Nimeona wazee wa aina hiyo wakionyesha kwa kidole mahali ambapo ramani zote zilinyamaza. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1980 kuhusu maeneo yenye taka za sumu inaweza kumbana mmiliki wa sasa hata kama yeye hakumwaga tone. Anayetaka kinga lazima uchunguzi unaotakiwa awe ameufanya kabla ya kununua. Asibesto nayo, yale madini ya nyuzi hatari kwa mapafu yaliyotumika kwenye majengo, isikupite: Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, kwa hiyo jengo la kabla ya hapo lihesabu kuwa linayo mpaka maabara iseme vinginevyo.

Halafu njoo kwenye kiunzi, yaani nguzo na boriti zinazolibeba jengo, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kinu cha kitani cha Ditherington mjini Shrewsbury, Uingereza, kilijengwa mwaka 1797 na ndicho jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha chuma. Kilifunguliwa upya kwa umma mwaka 2022. Chuma kilichotumika zama zile kilikuwa cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, na viwanda vingi vya karne ya 19 vilifuata njia hiyo. Nguzo za namna hii hustahimili sana mzigo unaozikandamiza kutoka juu, lakini zikivutwa au kupindwa hukatika ghafla, bila kukuonya kwa kujikunja. Kuzichomelea ni kazi ngumu. Nyingi zina uwazi ndani, na wakati wa kumimina, kiini cha kalibu kiliweza kuhama kidogo, upande mmoja wa nguzo ukatoka mnene na mwingine mwembamba. Basi ukiona mpimaji ametoboa tundu moja kupima unene, mwombe atoboe na pande nyingine.

Utaambiwa pia kwamba sakafu iliyobeba mitambo haiwezi kushindwa na meza za ofisi. Ni kweli kwamba nyingi zilijengwa kwa mizigo mikubwa, ila jengo la leo silo lile lililokabidhiwa siku ya kwanza. Kuna matundu yaliyokatwa kwa ajili ya mikanda na mabomba, kuna nguzo zilizoondolewa ili gari lipite. Boriti za mbao huozea nchani, pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya mfereji wa paa uliovuja kwa muda mrefu. Ukiwa na pesa ya vipimo vichache tu, vipeleke hapo.

Ukuta wa matofali uliojengwa kwa chokaa usiuzibe viungo vyake kwa saruji ngumu. Unyevu hukosa njia ya kutokea kwenye viungo, ukapita kwenye tofali lenyewe, na uso wa tofali ukaanza kubanduka.

Mwanga wa jua ndio utakaokuchagulia matumizi. Kwa makadirio ya kawaida, unafika ndani kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Ghala pana linabaki na giza katikati, na huko vyumba vya kulala havifai. Weka stoo, vyoo, lifti na ngazi, au toboa uwazi hadi paani ikiwa hesabu inaruhusu. Kama hairuhusu, acha wazo la nyumba. Karakana na maabara huenda zikalipenda jengo hilo zaidi.

Kuhusu fedha, napendelea sana kujenga kwa awamu. Mjini North Adams, Massachusetts, Marekani, kiwanda cha vifaa vya umeme cha Sprague kilifungwa mwaka 1985. Jumba la sanaa la MASS MoCA lilifunguliwa humo mwaka 1999, na jengo lake namba 6 likafuata mwaka 2017. Mji mdogo hauwezi kumeza eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, mpangaji mzito wa mwanzo huwalegeza wakopeshaji: kule Durham, North Carolina, kiwanda cha American Tobacco kilichofungwa mwaka 1987 kilirudi kazini mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Duke kilikuwa miongoni mwa wapangaji wa mwanzo. Msimngoje mpangaji wa aina hiyo bila kuligusa paa, maana kila msimu wa mvua unaongeza bili.

Mkigawanya awamu, bomba kuu la maji, nyaya kuu za umeme na mfumo wa kuzima moto upigiwe hesabu ya jengo zima tangu awamu ya kwanza. Kurudi kufukua sakafu chini ya mpangaji anayelipa kodi kunagharimu mara mbili: kazi yenyewe, na mpangaji atakayeondoka.