Kwa mnaoanza kazi ya majitaka kwenye kiwanda cha ngozi

Kabla ya kujifunza mtambo, jifunzeni mabomba. Fuateni kila bomba toka kwenye mapipa ya ngozi mpaka linakomwaga, maana sumu haitoki sehemu moja. Mapipa ya kuondolea manyoya hutoa maji ya chokaa na salfaidi (kemikali ya salfa), pH 12 hivi; pH chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Yale ya kromu, kemikali inayozuia ngozi isioze, hutoa maji ya kijani yenye asidi, pH 4 au chini yake.

Maji hayo mawili yakikutana salfaidi ikiwa bado imo, hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzoni mtasikia harufu ya yai viza. Gesi ikizidi, pua hufa ganzi, na asiyesikia harufu hudhani hatari imepita. Ndivyo mtu anavyoanguka shimoni, na anayerukia kumwokoa bila kifaa cha kupumulia anamfuata. Msiingie shimoni bila kipima gesi, hata bosi akifoka.

Kwa hiyo kila maji na tangi lake. Ya chokaa hupulizwa hewa pamoja na salfeti ya manganizi kidogo mpaka salfaidi iishe. Mapovu yatawakera, zoeeni.

Ya kromu mnayapandisha pH polepole hadi 8 na nusu hivi; kromu inaganda na kutua kama tope la kijani. Mkimwaga alkali kwa pupa pH ikapita kiasi, sehemu ya kromu huyeyuka tena. Mimi napenda oksidi ya magnesiamu: bei yake inauma, ila haipandishi pH kwa ghafla, na tope lake hushikana vizuri. Tope hilo likiyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kromu inarudi kazini. Mwambieni hivyo mhasibu, kwani ngozi hainywi kromu yote, na theluthi hivi huweza kubaki majini. Ila msilichome tope ovyo: moto na hewa vinaweza kugeuza kromu 3, ambayo ndiyo hii ya ngozi, kuwa kromu 6, ambayo ni sumu kali zaidi na husababisha saratani.

Sasa maabara. Majibu yakija na BOD (oksijeni inayotumika kuozesha uchafu majini) ndogo, msishangilie. Kipimo hicho hutegemea bakteria kula uchafu. Maji yakiwa na sumu, bakteria hao hufa au huzubaa, na namba inashuka. Ichanganyeni sampuli na maji safi zaidi, mpime tena. BOD ikipanda kila mnapozimua, kuna sumu.

Amonia nayo isomeni pamoja na pH. Kwenye pH 7, sehemu inayoua samaki haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inakaribia theluthi, na amonia ni ileile.

Mkiweza, fugeni viroboto wa maji (Daphnia), vidudu vidogo vya majini vinavyoonyesha kama maji bado yana sumu. Waweke wachanga kwenye maji yaliyotibiwa kwa saa 48, muhesabu walioacha kuogelea. Sampuli ichoteni mapipa yanapomwagwa, siyo Jumapili asubuhi kiwanda kimelala.