Daftari la jioni: nawajibu mlioniuliza

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu daftari la shukrani: kila jioni unaandika mambo machache yaliyokwenda vizuri siku hiyo. Nayajibu maswali yenu.

Shikamoo shangazi. Nauza viazi Uyole. Kila usiku nasali na kumshukuru Mungu. Daftari la nini tena?

Marahaba mwanangu. Sala usiiache. Ila jisikilize unavyosali ukiwa umechoka: asante kwa uzima, asante kwa riziki, usingizi umekupitia. Ni maneno yaleyale ya jana. Ukishika kalamu, utalazimika kusema ni riziki ipi. Utaandika, "Dereva wa fuso alinisubiri nusu saa nimalize kushona magunia, na angeweza kuondoka." Hapo umemkumbuka mtu, na kesho hutamsalimia kama jana.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walieleza jinsi kundi moja la wanafunzi lilivyoandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, huku kundi jingine likiandika kero zake. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko wenzao wa kero, na wiki iliyokuwa mbele waliitazama kwa matumaini. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwataka watu waandike mambo matatu kila usiku kwa wiki moja, na sababu ya kila jambo. Hiyo sababu ndiyo ninayokuomba usiiruke.

Nimeruka siku nne. Nimeharibu? (Mwalimu, Mafinga)

Hapana, mwalimu. Sonja Lyubomirsky, mtafiti mwingine wa Marekani, aliona walioandika mara moja kwa wiki wakifaidika kuliko walioandika mara tatu. Ukiona kila ukurasa unasema "watoto wazima, chakula kipo", punguza siku.

Mama yangu hajui kuandika. Afanyeje?

Aseme. Baridi hii ya Juni mnaota moto pamoja jikoni, muulize, "Mama, leo nani kakutendea jema?" Kisha nyamaza umsikilize.

Shangazi, nimefiwa na mume wangu mwezi wa nne. Ndugu wananiambia nishukuru kwamba watoto ninao. Nikishika daftari nalia tu. Nina kasoro? (Tukuyu)

Pole sana, mwanangu. Huna kasoro yoyote. Wanaokwambia ushukuru nadhani wanayaogopa machozi yako. Shukrani ya kuamrishwa ni mzigo juu ya mzigo, nami sitakuongezea.

Nilipofiwa na mama yangu, mvua ya Rungwe ikinyesha bila kukatika, daftari nililifungia sandukuni. Siku nilipolitoa, ukurasa wa kwanza ulijaa hasira: nani hakuja msibani, nani aliulizia shamba hata arobaini haijafika. Niliandika hivyo siku nyingi. Kisha asubuhi moja nikaandika, "Jirani kaacha mkungu wa ndizi mlangoni, hakubisha hodi." Sikuwa nimepona. Usiku ule nililia kama kawaida. Lakini mkungu ule niliuona, na wiki moja kabla yake nisingeuona.

Kwa hiyo andika kilio chako kwanza, bila kutafuta jema ndani yake. Mwandikie marehemu ukitaka. Na nakuomba jambo hili kwa moyo wote: ukipitisha wiki mbili hulali, huli, huoni thamani ya chochote, nenda hospitali ya wilaya, au ya rufaa hapa Mbeya. Mawazo ya kufa yakikujia, usingoje hata siku moja; mwambie mtu mkaende naye. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Daftari haliutibu.

Mume wangu kasoma daftari langu, kakuta jina lake halimo, kanuna siku ya tatu sasa. Nimwandike? (Mwanjelwa)

Usimwandike ili aache kununa. Daftari ni lako, na mwambie kwa upole asilifungue tena. Lakini usiku wa leo jiulize kwa haki: asubuhi nani aliwasha mkaa na kuinjika maji, wewe ukiwa bado umejifunika blanketi? Kama ni yeye, acha kalamu. Mwambie mwenyewe, akusikie.